Pale Neno Liliponyamaza: Gitaa Kavu la Nyanza Kusini na Kalamu ya Mhakiki

Katika madaftari ya wanafunzi wanaokusanya nyimbo kwa ajili ya tasnifu zao, kuna neno moja ambalo hujitokeza mara kwa mara, na aghalabu hufungiwa ndani ya mabano: "(gitaa)". Beti tatu hunukuliwa kwa uangalifu, hutafsiriwa, na kila mstari hupewa nambari yake; kisha hufuata neno hilo; kisha beti nyingine mbili. Msomaji hulipita kama msafiri apitavyo kibao cha barabarani kisichomhusu. Hata hivyo, yeyote aliyepata kuzisikiliza nyimbo zenyewe anajua kwamba mara nyingi mabano hayo yamebeba muda mrefu kuliko beti zote zikiwekwa pamoja. Insha hii inahusu mabano hayo, na kile ambacho uhakiki wa fasihi hupoteza unapoyafunga.

Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili, mzaliwa wa pwani, alikwenda Nyanza Kusini akiwa na kinasa sauti na madaftari mawili. Nia yake ilikuwa kulinganisha sitiari za mauti katika nyimbo za gitaa za Waluo na zile za tenzi za Kiswahili. Dholuo hakukijua, lakini alikuwa ameahidiwa mkalimani. Asubuhi moja alipanda matatu mjini Migori kwenda Homa Bay, kwa njia ipitayo Awendo penye mashamba ya miwa, Rongo, na Rodi Kopany. Kiti cha pembeni alikaa mfanyabiashara wa makamo, Mkuria wa Isebania, ambaye naye lugha yake na abiria wengine ilikuwa Kiswahili tu. Dereva alikuwa amefungulia benga.

Kwa muda mrefu mwimbaji aliimba na abiria wakaendelea na mazungumzo yao ya bei ya mahindi. Kisha sauti ya mwimbaji ikakoma, gitaa la solo likapanda juu, la rithimu likalifuata kwa karibu, na mazungumzo yakapungua. Yule mfanyabiashara akaanza kugonga kwa vidole mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake. Mwanafunzi akamwuliza, "Baba, unaelewa anachosema?"

"Sielewi hata neno, mwanangu," akajibu. "Maneno ni yao. Lakini hapa ni petu sote."

Mwanafunzi aliyaandika maneno hayo kwenye jalada la daftari, si ndani yake, kwa kuwa hayakuhusu mada yake.

Jibu la yule mfanyabiashara linastahili kuzingatiwa. Kwa asiyejua Dholuo, wimbo mzima wa benga ni muziki wa ala. Sauti ya mwimbaji yenyewe humfikia kama uzi mmoja zaidi miongoni mwa nyuzi. Naye si peke yake katika hali hiyo. Katika miaka ya 1970 sahani za santuri zilizotolewa na Oluoch Kanindo zilifika hadi Zimbabwe, na huko jina lake likageuka kuwa jina la muziki wenyewe: watu wasiojua Dholuo walicheza "kanindo", na wanamuziki wao wakautumia katika kuijenga sungura. Kilichovuka mipaka kilikuwa namna ya vidole kutembea juu ya nyuzi.

Namna hiyo ina historia. Kabla ya gitaa, Waluo walikuwa na nyatiti, ala ya nyuzi 8 ambayo mpigaji huipiga akiwa ameketi kwenye kigoda kifupi, amevaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ambayo huigonga ukingoni mwa ala, na njuga mguuni. Hivyo mtu mmoja huwa na sauti tatu: ya uzi, ya chuma, na ya kinywa. Gitaa lilipoenea, likiletwa na askari waliorejea kutoka Vita vya Pili vya Dunia na vibarua waliotoka mijini na mashambani, lilivikuta vidole vilivyokwisha kufundwa. Wapigaji hawakuupendelea mtindo wa kuzikung'uta nyuzi zote kwa pamoja. Walizidonoa moja moja, kama nyuzi za nyatiti, na wakapiga magitaa mawili yakijibizana, moja likilikamata neno la jingine kabla halijamalizika. Kutokana na gitaa hilo kavu, yaani lisilotiwa umeme, benga ilizaliwa na kukua katika miaka ya 1960, na miongoni mwa waliolikuza jina lake ni Daniel Owino Misiani wa Shirati Jazz, aliyezaliwa mwaka 1940 upande wa Tanzania, ng'ambo tu ya mpaka wa Migori, na Ochieng Nelly na Collela Mazee wa Victoria Jazz. Sahani za wakati huo zilikuwa na pande mbili, na wimbo uligawanywa: mara nyingi upande wa kwanza ulibeba maneno mengi, na wa pili ukaachiwa magitaa. Mwenye kununua sahani alinunua pande zote mbili. Ni mhakiki peke yake aliyeamua baadaye kwamba upande mmoja unatosha.

Mtu anaweza kusema kwamba jambo hili ni la wanamuziki, na kwamba fasihi ni sanaa ya lugha. Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini utamaduni wa Kiswahili wenyewe haukuuweka mpaka huo kwa ukali kiasi hicho. Ushairi wa Kiswahili ulikuwa wa kuimbwa, na katika taarabu ya Unguja, tangu enzi za Nadi Ikhwan Safaa iliyoanzishwa mwaka 1905, imekuwa desturi kuanza kwa bashrafu, muziki wa ala usio na neno hata moja, kabla mwimbaji hajainuka. Wasikilizaji hawaihesabu bashrafu kuwa kelele za kusubiria shairi. Huisikiliza kwa sababu ndiyo inayowafundisha jinsi ya kulisikia shairi litakapokuja.

Wala mvuto huu si wa Afrika Mashariki pekee. Huko Marekani uko muziki uitwao bluegrass, uliopewa jina hilo kutokana na bendi ya Bill Monroe, mzaliwa wa Kentucky. Mwaka 1945 alijiunga naye kijana mpiga banjo, Earl Scruggs, aliyetumia vidole vitatu kudonoa nyuzi kwa kasi ambayo wengi walikuwa hawajaisikia. Wimbo wa Scruggs uliopendwa kuliko yote, "Foggy Mountain Breakdown", ulirekodiwa mwaka 1949 nao hauna maneno. Kila ala huupokea wimbo kwa zamu, huusimulia kwa njia yake, kisha humpa mwenzake. Nayo banjo, inayodhaniwa na wengi kuwa ala ya Wazungu wa milimani, asili yake ni ala za nyuzi ambazo Waafrika waliofanywa watumwa walizibeba katika kumbukumbu hadi ng'ambo ya Atlantiki. Si lazima kudai undugu wa damu kati ya milima ya Kentucky na fukwe za Ziwa Viktoria. Inatosha kuona kwamba pande zote mbili kuna wasikilizaji ambao hukata mazungumzo yao vidole vinaposhika zamu.

Kwa nini wavutiwe? Sababu ya kwanza ni kwamba katika ala isiyo na umeme kazi ya mtu husikika. Kidole kikiteleza juu ya waya, ukucha ukigusa ubao, vyote humfikia msikilizaji. Sababu ya pili ni marudio. Kifungu cha gitaa hurudi, lakini hakirudi vilevile. Sikio hukingoja kama lingojavyo kituo cha utenzi, likijua kina kitakachokuja lakini lisijue neno litakalokileta. Sababu ya tatu ni ile aliyoitaja mfanyabiashara wa Isebania: mahali pasipo neno hapana mgeni.

Sababu hii ya tatu, hata hivyo, ina hatari yake, na mfano bora wa hatari hiyo unatoka jirani. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi huko Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, wasichana wakiimba kwa kuitikia zeze lao wimbo unaoitwa "Chemirocha". Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyefariki mwaka 1933, ambaye sahani zake zilikuwa zimefika hadi vijiji hivyo. Wasikilizaji wake hawakujua Kiingereza. Walisikia gitaa na sauti ya ajabu, wakamwumba upya aliyeitoa: kiumbe nusu mtu, nusu swala. Huo ni ubunifu mkubwa, na wimbo uliozaliwa ni mzuri. Lakini Rodgers mwenyewe, mfanyakazi wa reli aliyeugua kifua kikuu na kuimba juu ya ugonjwa wake, hayumo ndani yake. Mahali pasipo neno hapana mgeni, kweli. Lakini pia mwenyeji huweza kupotea.

Ndivyo inavyokuwa kwa benga pia. Misiani, aliyejulikana kama Mfalme wa Historia, alitiwa mbaroni zaidi ya mara moja kwa sababu ya nyimbo zake, ambamo wakubwa wa nchi walijitambua nyuma ya mafumbo na visa vya wanyama. Waliomkamata hawakumkamata kwa sababu ya gitaa. Walikuwa wamesikiliza maneno, tena kwa makini kuliko wahakiki wengi. Hali kadhalika, wimbo "Dunia Mbaya" wa Princess Jully, aliyeiongoza Jolly Boys Band baada ya kifo cha mumewe, Prince Jully, mwaka 1997, ulichezwa katika kumbi nyingi kwa ajili ya magitaa yake, ilhali maneno yake yalikuwa onyo juu ya UKIMWI, uliokuwa ukiziangamiza familia za Migori na Homa Bay kuliko sehemu nyingi za Kenya. Anayesikiliza nyuzi peke yake anaweza kucheza juu ya onyo. Msikilizaji wa kwenye matatu alikuwa na furaha ambayo askari hakuwa nayo. Askari alikuwa na ujuzi ambao msikilizaji hakuwa nao. Kila mmoja aliusikia nusu ya wimbo.

Kwa hiyo yule mwanafunzi hakukosea kuyatafuta maneno. Alifuata njia iliyofunguliwa kwa jitihada kubwa. Mwaka 1968, Henry Owuor Anyumba, pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na Taban lo Liyong, walidai katika Chuo Kikuu cha Nairobi kwamba fasihi simulizi ya Kiafrika iwekwe katikati ya masomo ya fasihi. Anyumba alikuwa ameandika, katika miaka hiyohiyo ya 1960, juu ya nyimbo za maombolezo za nyatiti. Wanaokumbuka ushindi huo mara nyingine husahau kwamba mmoja wa waliouleta alikuwa na sikio lililolelewa na uzi. Kilichofuata katika idara nyingi ni maneno ya nyimbo kuingizwa darasani, kugawanywa katika fani na maudhui, na uzi kuachwa mlangoni.

Huko Homa Bay mkalimani alimpeleka mwanafunzi kwa babu yake, mzee aliyeishi karibu na ziwa, mahali ambapo Mlima Homa huonekana. Mzee alilileta gitaa kavu lenye kipande cha penseli kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli shingoni mwake, ili kupandisha sauti ya nyuzi. Aliimba nyimbo tano. Mmoja kati ya hizo, wa kumwombolezea mvuvi, ulichukua dakika saba. Aliporudi chuoni mwanafunzi aliuandika: maneno yalijaza ukurasa mmoja na nusu, na kati ya beti akaweka "(gitaa)" mara nne. Pembezoni akaongeza kwa penseli kwamba mapigo ya mzee yalikatikakatika, huenda kwa sababu ya umri.

Miezi kadhaa baadaye alirudi, kama ilivyo desturi njema ya watafiti, ili amsomee mzee kazi yake na kurekebisha makosa. Mzee alisikiliza tafsiri hadi mwisho. Akarekebisha jina la samaki mmoja na jina la ufuko mmoja. Kisha akasema, "Umesoma vizuri, nyara. Na pale niliponyamaza, umeandika nini?"

"Nimeandika 'gitaa', Mzee."

Mzee akacheka kidogo. "Gitaa ni hili," akasema, akilipiga kofi ubavuni. "Hili nililinunua dukani. Mimi nauliza kilichosemwa."

Mwanafunzi hakuwa na jibu. Mzee akaushika wimbo tena, safari hii bila kuimba. Uani walikuwa wanawake watatu wakianika omena. Kifungu cha gitaa kilianza, kikapanda, kikakatika ghafla kwa muda wa pumzi moja, kikaendelea. Kilipokatika mara ya pili, mmoja wa wanawake wale, bila kuinua kichwa, alitaja jina. Kilipokatika tena, akalitaja tena. Mkalimani ndiye aliyeeleza: lile lilikuwa jina la mdogo wake mzee, aliyepiga gitaa la pili kwa miaka mingi. Katika magitaa mawili yanayojibizana, kila moja huacha nafasi ambazo mwenzake huzijaza. Mdogo mtu alikuwa amekufa. Mzee aliendelea kupiga sehemu yake, na nafasi za ndugu yake akaziacha kama zilivyokuwa.

"Siwezi kuzijaza," mzee akasema. "Zikijazwa, yeye atakaa wapi?"

Wanaoijua desturi ya Waluo watatambua mahali alipoyatoa yule mwanamke matamshi yake. Katika pakruok, mmoja wa wahudhuriaji humtuza mpigaji fedha ili asimamishe muziki kwa muda, na katika kimya hicho kilicholipiwa mtu hujisifu au humsifu rafiki yake, hutaja jina, ukoo na sifa, kisha muziki huendelea. Kimya katikati ya wimbo, basi, ni mahali pa jina, na huwa na bei. Aliyekufa hana fedha ya kununulia nafasi; ndugu yake alikuwa ameigharamia kwa wimbo wake mwenyewe, na mwanamke wa omena alikuwa akimtajia. Lile ambalo kalamu ya mwanafunzi ilikuwa imelihesabu kuwa udhaifu wa vidole vya uzeeni ndilo lililokuwa ombolezo lenyewe. Mvuvi wa kwenye beti alikuwa mtu wa zamani, aliyekwisha kuliliwa na wengi. Msiba uliokuwa bado mbichi ulikuwa ndani ya mabano.

Isidhaniwe kwamba dawa ni kuwageuza wahakiki wote kuwa wataalamu wa muziki. Kazi hiyo ina wenyewe, nayo ni ya thamani: David Rycroft alichapisha katika jarida la African Music, mwaka 1961 na 1962, uchambuzi wa gitaa la Mwenda Jean Bosco wa Katanga, akiyaandika mapigo noti kwa noti. Lakini hata noti zilizoandikwa kwa usahihi kamili zingeonyesha, katika wimbo wa mzee wa Homa Bay, alama ya kimya tu. Alama ya kimya haisemi ni kimya cha nani. Hilo lilijulikana kwa sababu mtu alirudi, akasoma alichoandika mbele ya mwenye wimbo, akakubali kuulizwa swali lisilo na jibu.

Katika nakala ya mwisho ya tasnifu, mabano manne ya wimbo ule hayamo. Mahali pake pana kurasa nne za maelezo: kifungu kilidumu muda gani, kilikatika wapi, nani alikuwa uani, nani alisema nini. Katika kuitetea kazi hiyo mtahini mmoja aliuliza kama kurasa hizo ni za fani au za maudhui. Mwanafunzi alijibu kwamba hakuweza kuzigawa. Jibu hilo lilirekodiwa kama upungufu, na kwa kipimo cha jedwali la utahini lilikuwa upungufu kweli.

Lakini kuna jambo moja zaidi. Yule mkalimani, mjukuu wa mzee, anajifunza gitaa. Anajifunza kwa kumsikiliza babu yake, na anachokisikia ni gitaa moja lenye nafasi zake. Atakapoupiga wimbo huo mbele ya watu wasiokuwapo siku ile, wakiwamo wasafiri wasiojua Dholuo ambao hata hivyo watakata mazungumzo yao ili wasikilize, nafasi zitakuwapo. Uzi utakuwa umezihifadhi kwa uaminifu ambao karatasi haina. Jina, hata hivyo, uzi hauwezi kulihifadhi. Yule mwanamke wa omena akiondoka, na asipokuwapo aliyeandika, nafasi hizo zitabaki kuwa mtindo mzuri wa kupiga gitaa, na wahakiki watakuja siku moja kuusifia mtindo huo.

Hapo ndipo kalamu inapohitajika, nayo haihitajiki kwa ajili ya beti pekee. Neno linapokoma kuimbwa, kazi ya mtu wa maneno haijakoma. Pengine ndipo inapoanza.